Breka za viwandani: Namna ya kuzikagua na kuzitunza bila kuhatarisha maisha

KATIKA viwanda vya sukari vya Kaunti ya Kakamega kuna kifaa ambacho kinaweza kukaa miaka mitano bila kufanya lolote, kisha siku moja kikatakiwa kutenda kazi yake yote kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kikishindwa, kebo huungua na mota huharibika, na aliye karibu na kabati la swichi huenda asitoke salama.

Kifaa hicho ni sakiti breka, ambayo mafundi huiita breka tu. Kazi yake ni kukata umeme mara mkondo unapopita kiwango kilichowekwa, ama kwa sababu mashine zimelemewa na mzigo au kwa sababu ya shoti.

Fyuzi nayo hukata umeme, lakini hukata kwa kuyeyuka na hutumika mara moja tu. Breka inaweza kuwashwa tena, na ndiyo maana viwanda viliipenda. Sifa hiyohiyo ndiyo inayowafanya wengi wadhani kwamba breka haichakai.

Nyumbani breka ni kidude cha kuingia kiganjani. Kiwandani hali ni nyingine. Saketi za mota ndogo hulindwa na breka zilizofungiwa ndani ya gamba gumu la plastiki. Pale umeme wa volti 415 unapoingia kutoka kwa transfoma huwekwa breka kubwa za hewa, ambazo baadhi yake hubeba ampia 4,000 au zaidi. Kwenye volti 11,000 na 33,000 kuna breka za ombwe na za gesi ya SF6, na katika vituo vya zamani bado huonekana zile za mafuta.

Zote hufanya jambo moja. Vipande vya shaba au vya mchanganyiko wa fedha, ambavyo mafundi huviita kontakti, huachana kwa nguvu ya springi. Mkondo hauachi njia yake kwa hiari: unaruka pengo hilo kama ulimi wa moto. Umeme wa Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mkondo hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Breka huutumia wakati huo wa sifuri kuuzima moto usiwake tena. Breka ya hewa huuvuta moto ndani ya chemba yenye mabamba ya chuma na kuukatakata vipande. Breka ya ombwe ya volti 11,000 hutosheka na pengo la takriban milimita 10, kwa kuwa ndani ya chupa yake hamna hewa ya kuubeba moto huo.

MAZINGIRA YA KAKAMEGA

Kampuni ya Mumias iliundwa mwaka 1971 na kuanza kutengeneza sukari mwaka 1973. Katika eneo la Malava kuna West Kenya, ambayo sukari yake inajulikana kwa jina la Kabras, na Butali iliyoanza kusaga miwa mwaka 2011. Mazingira ya viwanda vya aina hii hayana huruma kwa breka.

Makapi ya miwa hutoa vumbi jepesi linaloingia kila mahali. Likiwa kavu halina madhara makubwa kwa umeme, ingawa linaweza kushika moto. Likishanyonya unyevu, na Kakamega mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, hugeuka utando unaopitisha mkondo kidogo kidogo juu ya vihami hadi ukachora njia nyeusi ya kaboni. Njia hiyo ndiyo mwanzo wa shoti. Mvuke wa sukari unaoganda kwenye mitambo ya springi huifanya iwe mizito.

Isitoshe, ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Radi isiyopiga kiwanda chenyewe inaweza kupiga laini ya umeme kilomita kadhaa mbali, na wimbi lake likafika kwenye swichi na kudhoofisha vihami bila dalili ya nje.

Kuna pia suala la mwinuko, ambalo husahauliwa na wanaoagiza vifaa kutoka ng'ambo. Mji wa Kakamega uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Breka za volti ndogo zinazotengenezwa kwa viwango vya kimataifa vya IEC huhesabiwa kufanya kazi hadi mita 2,000, hivyo hazina shida. Lakini vifaa vya volti 11,000 na zaidi vinavyotegemea hewa kama kihami kwa kawaida huhesabiwa hadi mita 1,000 tu. Juu ya hapo hewa ni nyepesi na huzuia umeme kwa uhafifu zaidi. Katika mita 1,500 hesabu ya IEC hudai kihami kiongezwe kwa takriban asilimia 6. Ni kiasi kidogo, lakini kikijumlishwa na vumbi na unyevu si cha kupuuzwa.

Wanyama nao wana sehemu yao. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na kusababisha giza nchini kote kwa saa kadhaa. KenGen ilithibitisha kisa hicho, na tumbili mwenyewe alinusurika. Ndani ya makabati ya swichi wageni huwa mijusi, panya na nyoka wanaofuata joto, na mara nyingi wao hawanusuriki. Tundu moja la kebo lisilozibwa linatosha kuwaingiza.

MOTO WENYEWE

Watu wengi huogopa umeme kwa sababu ya kurushwa. Kwa fundi wa breka kubwa kuna hatari ya pili ambayo haihitaji hata aguse waya: mlipuko wa umeme. Shoti inapotokea hewani, joto la ulimi wake hukadiriwa kufikia nyuzi 19,000 za Selsiasi, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Shaba huyeyuka na kugeuka mvuke, hewa husukumwa kwa kishindo, na vipande vya chuma hurushwa.

Mhandisi Ralph Lee ndiye aliyeiandikia hatari hii hesabu mwaka 1982. Tangu hapo nguvu ya mlipuko hupimwa kwa kalori kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Kalori 1.2 zinatosha kuanzisha majeraha ya moto ya kiwango cha pili.

Ili kuona ukubwa wa jambo hili, chukua transfoma ya kVA 1,000 inayotoa volti 415, ya kawaida kabisa kiwandani. Mkondo wake kamili ni takriban ampia 1,390. Ikiwa kizuizi chake cha ndani ni asilimia 5, shoti kwenye milango yake inaweza kuvuta karibu ampia 28,000. Breka iliyowekwa hapo lazima iwe na uwezo wa kukata mkondo huo. Breka yenye uwezo wa ampia 10,000 itabeba mzigo wa kila siku bila tatizo na kumpendeza mhasibu kwa bei yake, halafu siku ya shoti italipuka yenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mkaguzi haihitaji bisibisi. Ni kusoma kibao cha breka na kulinganisha uwezo wake wa kukata na nguvu ya transfoma iliyopo sasa. Viwanda hupanuka, transfoma hubadilishwa kwa kubwa zaidi, na breka za zamani huachwa palepale.

KUZIMA KWA UHAKIKA

Breka ifanyiwe kazi ikiwa haina umeme. Kanuni hii inajulikana na kila fundi, lakini kwenye kiwanda cha sukari ni rahisi kuikosea kwa sababu umeme una mlango zaidi ya mmoja. Makapi ya miwa huchomwa, mvuke huzungusha tabo, na kiwanda hujizalishia umeme wake. Mumias ilizindua mwaka 2009 mtambo wa megawati 34, ambapo 26 zilikusudiwa kuuziwa Kenya Power. Juu ya hayo kuna jenereta za dizeli za dharura.

Fundi anayezima upande wa Kenya Power pekee anaweza kukuta pau za shaba bado zinalishwa na tabo. Jenereta ya dharura inayojiwasha yenyewe nayo huweza kurudisha umeme dakika moja baada ya yeye kuingiza mkono. Transfoma ndogo za vipimo zinaweza pia kurudisha volti 11,000 kinyumenyume zikilishwa kwa volti 110 kutoka upande wa pili. Mchoro wa saketi usiofanyiwa marekebisho tangu kiwanda kijengwe ni hatari kuliko kukosa mchoro, kwa kuwa unampa fundi imani asiyostahili kuwa nayo.

Mpango wa kawaida ni kuzima, kutenga, kufunga kwa kufuli, kutundika kadi, kupima, kisha kuunganisha na ardhi. Kila fundi huweka kufuli lake na kutembea na ufunguo wake mfukoni. Watu wanne wakifanya kazi, kufuli ni nne, na umeme haurudi hadi la mwisho litolewe na mwenyewe. Kufuli moja la msimamizi halitoshi.

Kupima nako kuna utaratibu wake. Kipimo hujaribiwa kwanza mahali penye umeme unaojulikana, kisha kwenye saketi iliyozimwa, kisha tena palipo na umeme. Hapo ndipo fundi hujua kwamba sifuri aliyoiona ni ya saketi na si ya kipimo kilichokufa betri. Kwenye volti 11,000 multimita ya kawaida haikaribishwi kabisa. Hutumika kipimo maalumu chenye fimbo ndefu.

Lugha nayo huua. Mhandisi akisema breka "imefunguliwa" humaanisha mkondo umekatika. Mtu wa kawaida akifungua mfereji, maji hutoka. Mafundi wawili wanaozungumza kwa simu ya upepo, mmoja kwa Kiingereza cha chuoni na mwingine kwa Kiswahili cha nyumbani, wanaweza kukubaliana kwa sauti huku kila mmoja akimaanisha kinyume cha mwenzake. Maneno "kuwasha" na "kuzima" hayana utata huo, na yafaa yaandikwe kwenye kibali cha kazi. Rangi za taa pia hukanganya: katika makabati mengi yaliyofuata mtindo wa Uingereza taa nyekundu humaanisha breka imewashwa na kuna umeme, ilhali kwenye mashine nyingi nyekundu ni ishara kwamba mashine imesimama.

Baada ya umeme kuondoka, nguvu ya springi hubaki. Breka nyingi kubwa huwa na springi iliyovutwa na mota ndogo, ikisubiri amri, na ina uwezo wa kuvunja vidole. Kabla ya kuigusa, mota hiyo hukatiwa umeme, kisha breka huwashwa na kuzimwa kwa mkono hadi alama ya springi ionyeshe imelegea. Wakati wa kuichomoa breka kwenye kabati lake ni lazima iwe imezimwa. Vizuizi vilivyowekwa na mtengenezaji kuhakikisha hivyo visiondolewe hata kama vinachelewesha kazi. Wakati wa kuiwasha, fundi husimama kando ya mlango wa kabati, si mbele yake.

Mavazi yawe ya pamba au ya kitambaa maalumu kilichopimwa kwa kalori. Nailoni na poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi. Saa na pete huvuliwa. Glavu za mpira za daraja 0 ni za hadi volti 1,000 na za daraja 2 ni za hadi volti 17,000; kabla ya kuvaliwa hujazwa hewa kuona kama zimetoboka.

UKAGUZI

Ukaguzi mwingine hufanyika umeme ukiwapo, kwa kamera inayoona joto. Kinachotazamwa ni tofauti kati ya nyaya tatu zilizo na mzigo sawa. Mojawapo ikizidi wenzake kwa zaidi ya nyuzi 15, matengenezo hayafai kungoja. Kamera huonyesha ukweli tu ikiwa kuna mzigo wa kutosha. Kupiga picha Jumapili vinu vikiwa vimesimama ni kupoteza muda.

Breka ikishatolewa, vumbi huvutwa kwa mashine ya kunyonya. Wengi hutumia hewa ya kompresa, lakini hewa hiyo husukuma vumbi ndani zaidi na mara nyingi hubeba maji na mafuta. Vihami hufutwa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Chemba za kuzimia moto hutazamwa kama zimepasuka. Kontakti zilizobadilika rangi kidogo bado ni nzima. Zilizochimbika na kupoteza tabaka la fedha hubadilishwa, na kuzipiga msasa hadi zing'ae ni kuliondoa tabaka lilelile linalozilinda.

Springi na bawaba hupakwa grisi aliyotaja mtengenezaji, kiasi kidogo tu. Chanzo kikubwa cha breka kushindwa kukata ni grisi ya zamani iliyokauka ikawa kama gundi. Kupulizia mafuta mepesi ya kulegeza kutu huiyeyusha kwa wiki chache, kisha mafuta hukauka na hali huwa mbaya kuliko mwanzo.

Baada ya hapo huja vipimo. Kipimo cha mega hutuma volti 500 au 1,000 kwenye breka ya volti ndogo kuona kama vihami vinashika, huku vifaa vya kielektroniki vikiwa vimetengwa kama mtengenezaji anavyoagiza. Ukinzani wa kontakti hupimwa kwa kupitisha mkondo wa takriban ampia 100, kwa sababu multimita haiwezi kuona sehemu za milioni za omu. Hapa pia nyaya tatu hulinganishwa: ikiwa moja inazidi iliyo ndogo kabisa kwa zaidi ya nusu yake, kuna kasoro.

Hatimaye breka hujaribiwa kama itakata. Kuna njia ya kuidanganya sehemu yake ya kielektroniki kwa ishara ndogo. Ni rahisi, lakini haiguzi koili zinazopima mkondo. Njia ya kupitisha mkondo halisi wa mamia au maelfu ya ampia ndiyo inayojaribu mnyororo wote. Breka za ombwe hujaribiwa chupa zake kwa volti kubwa, na kwa kuwa kipimo hicho kinaweza kutoa miale ya eksirei, watu hukaa mbali kama maelezo ya mtengenezaji yanavyotaka.

Kifaa kinachosahaulika zaidi hakimo hata ndani ya breka. Ni betri. Breka nyingi za volti 11,000 hukata kwa amri ya koili inayolishwa na betri za volti 30 au 110 zilizo chumba cha pembeni. Betri zikifa, relei itaona shoti na kutoa amri, na breka itabaki imewashwa. Kuzipima kila mwezi huchukua dakika chache.

Breka za gamba la plastiki ni tofauti. Nyingi zimezibwa kiwandani na hazifunguliwi. Hukazwa skrubu kwa spana yenye kipimo, huzimwa na kuwashwa mara kadhaa, hupimwa, na zikiwa na shaka hutupwa.

BAADA YA KUJIKATA

Breka ikijikata usiku, vinu vikasimama na malori ya miwa yakapanga foleni langoni, shinikizo la kuirudisha ni kubwa. Kuiwasha tena bila kujua sababu ni kuilazimisha ikate shoti ileile kwa mara ya pili. Kiwango cha IEC cha uwezo wa juu wa kukata hakihitaji breka iliyopita mtihani huo iendelee kubeba mkondo wake wa kawaida. Kwa maneno mengine, breka iliyokata shoti kubwa kabisa huenda imemaliza kazi yake, hata kama mkono wake unawaka na kuzima vizuri.

Kusimama kwa muda mrefu nako kuna madhara. Mwezi Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa magharibi mwa Kenya kwa miezi kadhaa kwa kukosekana miwa iliyokomaa, na Mumias ilikuwa imepitia ukimya mrefu zaidi kabla na baada ya kuwekwa chini ya meneja mrasimu mnamo Septemba 2019. Katika kipindi kama hicho hita ndogo za kukausha makabati huzimwa ili kuokoa gharama, unyevu huingia, na grisi huganda. Breka zilizolala hivyo hukaguliwa na kupimwa upya kabla ya kiwanda kuwashwa. Ukimya huo pia ndio muda mzuri wa kazi hii, kwa kuwa hakuna anayelalamikia vinu kusimama.

Gesi ya SF6 haiachiliwi hewani. Huongeza joto la dunia kwa zaidi ya mara 20,000 kuliko kiasi sawa cha hewa ya ukaa, na ikishapitiwa na moto wa umeme huacha unga mweupe wenye sumu. Hunyonywa kwa mashine maalumu na kuhifadhiwa kwenye mitungi.

SHERIA

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwenye kiwanda kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Pia humtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha hapo kabla ya kuiondoa. Ajali inaposababisha kifo, afisa wa usalama kazini wa eneo hilo hujulishwa katika muda wa saa 24.

Kazi za umeme hufanywa na wenye leseni kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta, EPRA, inayotenda chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Leseni hutolewa kwa madaraja, na mwenye ruhusa ya kutandaza nyaya za nyumba hapati kwa hiyo ruhusa ya kugusa volti 11,000. Kakamega haijakosa pa kusomea: Taasisi ya Kitaifa ya Sigalagala hufunza mafundi, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kina kitivo cha uhandisi. Lakini cheti cha chuo hakimfundishi mtu tabia ya breka moja mahususi. Hiyo huwa katika kitabu cha mtengenezaji, ambacho aghalabu hufungiwa kabatini mwa meneja.

Katika ununuzi tahadhari ni breka bandia, zenye gamba na jina la kampuni maarufu lakini zisizo na chemba ya kuzimia moto ndani, au zenye mabamba mawili mahali pa kumi. Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Bandia ni ya 2008, lakini fundi stoo ndiye wa kwanza kuishika bidhaa. Iliyo nyepesi kuliko ya zamani ya aina ileile, au yenye maandishi yanayofutika kwa kidole, hurudishwa kwa aliyeiuza. Kabla ya breka yoyote mpya kuwekwa, namba yake, tarehe na matokeo ya vipimo vyake vya kwanza huandikwa kwenye daftari, kwa kuwa vipimo vya mwaka unaofuata vitahitaji kulinganishwa na hivyo.